Nani ni nani kwenye skuli zetu za serikali hapa Lamu: maswali ambayo wazazi huuliza kila muhula

Skuli zikifunguliwa tu simu hazinyamazi, huyu anauliza mwalimu wa hisabati kapelekwa wapi, yule anauliza mbona mpishi kaacha kazi, mwingine kazunguka ofisi tatu na kila ofisi inamwambia si hapa mama, jaribu pale. Mimi niko kwenye bodi ya skuli moja huku kisiwani na kabla ya hapo nilikuwa kwenye kamati ya wazazi, na hili ndilo linaloniuma: wazazi wetu wanajali sana watoto wao lakini wengi hawajaambiwa kamwe nani anaajiri nani, kwa hivyo lalamiko la haki kabisa linapelekwa mlango usio wake na linafia hapo hapo. Haya hapa chini ndiyo yanayoulizwa sana, nimejibu kwa urefu pale penye uzito.

Kwani mwalimu mkuu si ndiye mwajiri wa walimu? Mbona hawezi kumfukuza mwalimu asiyeingia darasani?

Hawezi, sheria haimruhusu. Mwajiri wa walimu wa serikali ni TSC, Tume ya Huduma kwa Walimu, ilianzishwa kwa sheria ya bunge mwaka 1967 na Katiba ya 2010 ikaipa nguvu zaidi kwenye kifungu cha 237. TSC ndiyo inayosajili mwalimu, inamwajiri, inampeleka skuli, inampandisha cheo, inamhamisha na inamwadhibu. Hedimasta mwenyewe ni mwajiriwa wa TSC vile vile, barua ya uhamisho ikija naye anafunga virago.

Lakini msidhani hedi hana la kufanya. Yeye ndiye anayesimamia tathmini ya walimu, ile wanayoiita TPAD, anajua nani kaingia darasani na nani hakuingia, na ni kazi yake kumwandikia mwalimu barua na kupeleka ripoti kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti ndogo. Kwa hivyo mwalimu akikosa darasa wiki mbili na hakuna hata karatasi moja iliyoandikwa, swali ni la hedi, na mzazi ana haki ya kumuuliza kwa adabu, mwalimu, hili umeliandikia barua?

Sasa skuli moja ina mabosi wangapi?

Wanne, na hapa ndipo watu hupotea. Ingia skuli yoyote ya msingi hapa Amu, yaani mji wa Lamu, asubuhi saa moja. Mlinzi anayekufungulia geti ameajiriwa na bodi ya skuli, BOM. Yule dada wa chekechea anayewapanga watoto wa PP1 mstari na kuwafuta makamasi analipwa na serikali ya kaunti. Mwalimu wa gredi ya nne anayeandika tarehe ubaoni ni wa TSC. Na siku akija mgeni na faili kukagua skuli nzima, madarasa, vyoo, vitabu, uwezekano mkubwa ni afisa wa ubora kutoka Wizara ya Elimu. Watu wanne, geti moja, mishahara minne inayotoka sehemu nne na kwa tarehe tofauti, na wote mzazi anawaita "wale wa skuli".

Ukishajua hivyo mambo mengi yanakaa sawa. Mwalimu wa chekechea hajalipwa? Usiende TSC. Mwalimu wa sayansi hajaletwa? Usimfokee mwakilishi wa wadi, yeye hana uwezo wa kuajiri mwalimu wa sayansi.

Kwa nini mwalimu wa chekechea yuko kando na wenzake?

Kwa sababu Katiba, kwenye jedwali la nne, imezipa kaunti kazi ya elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na darasa la kwanza kwenda juu likabaki kwa serikali kuu. Mwalimu wa chekechea lazima naye awe amesomea kazi, anaajiriwa kupitia bodi ya utumishi ya kaunti, na mara nyingi anakaa kwenye uwanja huo huo wa skuli ya msingi akitumia choo hicho hicho na tangi hilo hilo la maji.

Maoni yangu nitayasema wazi: hawa ndio wanaobeba kazi nzito kwa heshima ndogo. Mtoto anakuja na Kiamu chake au Kibajuni chake cha nyumbani, hajawahi kushika penseli, analia mama yake akigeuka, na ni huyu dada anayemtuliza mpaka akubali kukaa. Mwalimu wa gredi ya kwanza anapokea mtoto aliyekwisha zoea.

Mwalimu wa BOM ni mwalimu kweli ama ni wa kujaza nafasi?

Ni mwalimu. Wengi wamesoma chuo kile kile na wana namba ya TSC, kilichobaki ni kuajiriwa tu, wanasubiri nafasi na wengine wamesubiri mpaka wamezeeka. Bodi inamchukua kwa sababu TSC haijaleta mwalimu wa kutosha, halafu inamlipa kwa kile kilichopo, na kilichopo ni kidogo. Hana pensheni, hana posho, likizo ya Agosti ikifika wengine hawapati kitu. Mzazi anayesema "huyu ni wa bodi tu" mbele ya mtoto anamvunjia mwalimu heshima na kesho yake mtoto hamsikilizi.

Intani ni kitu kingine, usiwachanganye. Intani analetwa na TSC kwa mkataba na malipo madogo ya mwezi. Skuli za junia, yaani gredi ya 7 mpaka 9, zilianza kwa kuwategemea sana hao, 2024 waligoma wakidai kazi ya kudumu, na mwanzoni mwa 2025 intani 46,000 wa junia nchi nzima wakaingizwa kazini.

Junia iko ndani ya skuli ya msingi, je hedi wake ni nani?

Ni mwalimu mkuu yule yule wa msingi. Gredi ya 7, 8 na 9 ziko kwenye uwanja wa msingi na zote pamoja sasa ni skuli moja, na anawekwa naibu wa kushughulikia junia. Mwanzoni palikuwa na mvutano, walimu wa junia wengi wana digrii na wanataka uongozi wao wenyewe, na hedi wengine walisoma zamani cheti cha P1, kile cha ualimu wa msingi. Naona dai lao lina msingi lakini watoto wasiwe ndio wanaoumia, kwani maabara haipo na madawati yanagombaniwa.

Mbona walimu kutoka bara hawakai? Kila mwaka tunapelekewa mpya na kila mwaka anaondoka.

Hili ndilo swali la kwanza kwa watu wa Lamu Mashariki na nitalijibu kwa kirefu.

Lamu imo kwenye orodha ya maeneo ambayo TSC inayatambua kuwa ya mazingira magumu, kwa hivyo mwalimu analipwa posho ya ziada juu ya mshahara. Posho inasaidia. Ila fikiria kijana katoka Kisii au Kakamega, hajaona bahari maisha yake, kafika gati ya Mokowe na sanduku na godoro, kavuka mpaka Amu, na pale anaambiwa skuli yako iko Kizingitini. Boti ya kwenda kisiwa cha Pate inapita Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari, na Mkanda maji yakipwa haupitiki, mnangoja maji yajae, iwe saa nne ya asubuhi ama saa nane ya mchana. Msimu wa kusi bahari imechafuka, mawimbi yanaingia ndani ya boti, watu wamejifunika turubai na huyu kijana kashika ubao kwa mikono miwili na anasoma sala zote anazozijua. Akifika anakuta nyumba ya mwalimu haina mlango wa choo, maji ni ya kisima na yana chumvi, na hajui mtu. Mshahara uko benki na benki iko Amu, M-Pesa imesaidia lakini wakala wa kijijini mara nyingi hana pesa taslimu.

Halafu kuna usalama. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni Juni 2014 na yaliyofuata kwenye msitu wa Boni, walimu wengi waliogopa, na nani atawalaumu.

Mwalimu mpya kwa kawaida hatarajiwi kuomba transfa mapema, lakini akipata sababu ya afya au ya usalama ataomba na atapewa. Mimi nilichoona kwa macho yangu ni kwamba anayekaa ni yule aliyepokewa. Kuna kijiji kimoja wazazi waliezeka upya nyumba ya mwalimu, wakamtafutia chumba cha muda kwa mzee mmoja, mama wa jirani akawa anampelekea chakula cha jioni wiki za mwanzo, kijana yule mpaka leo yuko na anaongea Kibajuni kuliko watoto wangu. Na dawa ya kudumu ni watoto wetu wenyewe wasomee ualimu, wakienda vyuo kama Shanzu warudi wafundishe nyumbani, kwa sababu mtoto wa Faza haogopi Mkanda.

Na skuli za Basuba je?

Basuba, Milimani, Mangai, Mararani na Kiangwe, vijiji vya ndugu zetu Waboni, skuli zilifungwa kwa sababu ya usalama baada ya 2014 na watoto wakapoteza miaka. Zilipofunguliwa zilifunguliwa kwa madarasa ya chini, na wakubwa wengi wakapelekwa kusoma bweni skuli ya Mokowe Arid Zone. Mtoto wa miaka kumi analala mbali na mama yake ili asome. Walimu waliokubali kwenda kule, na vijana wa Kiboni wenyewe waliojitolea kufundisha, hao wanastahili kila heshima tuliyonayo na wanastahili kulipwa kwa wakati.

Mpishi na mlinzi wanalipwa na nani?

Na bodi, kutoka kwenye pesa za serikali zinazokuja skuli na michango iliyokubaliwa. Kwenye skuli ya msingi pesa hizo zina akaunti mbili, moja ya vifaa vya kusomea na moja ya matumizi ya jumla, na hiyo ya pili ndiyo inayolipa wafanyakazi wasio walimu, maji, stima na kurekebisha paa. Pesa zikichelewa, wa kwanza kukosa mshahara ni mpishi na mlinzi.

Nataka mzazi aingie jiko la skuli siku moja tu. Saa kumi na moja alfajiri mama keshawasha kuni, moshi umejaa mpaka macho mekundu, sufuria mbili kubwa za mahindi na maharagwe, moja anaikoroga kwa mwiko mrefu kama kasia akiwa amesimama juu ya tofali kwa sababu sufuria imempita kimo. Anajua mtoto gani hali maharagwe na mtoto gani hajala tangu jana usiku, huyo anamwongeza bila kusema kitu. Mwalimu mkuu hana orodha hiyo, mpishi anayo kichwani. Mama huyu nimemuona akikaa miezi miwili bila mshahara na hajakosa hata siku moja, na mkutano wa wazazi ulipofika hakuna aliyemtaja. Sasa kwenye bodi tumekubaliana ripoti ya fedha ianze na malipo ya wafanyakazi, na nashauri kila mzazi aulize hivyo kwenye skuli yake: mpishi na mlinzi wamelipwa mpaka mwezi gani?

Serikali inaleta pesa ngapi kwa kila mtoto?

Kiwango kilichowekwa kwa mwaka ni shilingi 1,420 kwa mtoto wa msingi, 15,042 kwa junia na 22,244 kwa sekondari ya kutwa. Zinatolewa kwa mafungu, nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili na 20 wa tatu. Huo ni mpango, kuzipokea ni jambo jingine, mara nyingi zinachelewa na mara nyingine zinakuja pungufu, ndiyo maana bursa au karani wa skuli unamkuta kichwa kashika. Ila kuchelewa kwa pesa hakumzuii kukuonyesha hesabu. Omba.

Mtoto wangu amerudishwa nyumbani kwa sababu ya pesa ya mtihani. Ni sawa?

Hapana. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inasema skuli ya umma haitozi karo ya masomo, na mchango mwingine wowote lazima uwe umeidhinishwa na waziri akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hata ukiwa umeidhinishwa mtoto hazuiwi kuingia skuli kwa kutolipa. Tena kila shilingi inayopokelewa lazima itolewe risiti rasmi. Karatasi ya daftari iliyochanwa na kutiwa sahihi si risiti.

Mrudishe mtoto, nenda naye, ongea na hedi kwanza. Akikataa andika barua kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, huyu ni wa Wizara, si wa TSC.

Kwa nini karani ananisumbua na cheti cha kuzaliwa?

Hakusumbui, anaokoa pesa ya mtoto wako. Mwanafunzi anasajiliwa kwenye mfumo wa serikali na anapewa namba yake, na usajili huo huanza na cheti cha kuzaliwa. Asiyeandikishwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapati ile 1,420, kwa hivyo skuli inalisha na kufundisha watoto mia tatu kwa pesa ya watoto mia mbili na kitu. Huku visiwani watoto wengi wamezaliwa nyumbani kwa mkunga na hawana karatasi yoyote. Anza kwa chifu upate barua, ukaombe cheti mapema, usingoje gredi ya sita mtihani ukikaribia.

Mwalimu amempiga mtoto wangu. Nianzie wapi?

Kiboko kilipigwa marufuku skulini tangu 2001, na kifungu cha 36 cha sheria ya 2013 kinasema mtu akimtesa mwanafunzi kimwili au kiakili anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000 au kufungwa hadi miezi sita au vyote viwili. Mpeleke mtoto hospitali kwanza upate karatasi, piga picha za alama, halafu mwone hedi, na nakala ya barua yako ifike kwa mkurugenzi wa TSC. Bodi inaweza kumsimamisha mwalimu kwa niaba ya TSC uchunguzi ukiendelea.

Na kama ni jambo la kumchezea mtoto kingono, mvulana au msichana, hapo hakuna kikao cha wazee, hakuna "tuyamalize nyumbani", hakuna mbuzi wala pesa ya kufuta aibu. Polisi siku hiyo hiyo, hospitali siku hiyo hiyo na kabla mtoto hajaoga, piga 116 namba ya watoto, ni bure. Nimeona familia zikitulizwa kwa maneno mazuri na mwalimu akahamia skuli nyingine akaendelea. Mwalimu au hedi anayejua akanyamaza naye anajiweka hatarini mbele ya TSC. Anayekwambia ufiche anamlinda mkosaji.

Mtoto wangu hasikii vizuri na mwalimu anasema ni mzito. Nani anapima?

Kuna kituo cha kupima watoto wenye mahitaji maalum, kinaitwa EARC, na maafisa wake ni walimu waliosomea kazi hiyo. Mwambie hedi akuandikie barua ya kukupeleka huko. Usikubali neno "mzito" kabla ya kupima masikio na macho.

Wale wanaokuja na mafaili ni kina nani?

CSO ni wa TSC, anasimamia kundi la skuli, anakaa nyuma ya darasa anatazama mwalimu anavyofundisha na kumsaidia. Zamani tukiwaita TAC tyuta. Afisa wa ubora ni wa Wizara, anakagua skuli yote. Wote wawili huku kwetu wanategemea boti, na mafuta ya boti yasipokuwepo skuli ya mbali kama Kiunga inakaa muda mrefu bila kuona mgeni.

Mwalimu wa dini ya Kiislamu skulini na maalim wa chuoni, chuo cha Qur'ani, ni kitu kimoja?

La. Wa skulini ni mwalimu wa TSC aliyesomea ualimu na mara nyingi anafundisha na somo jingine. Maalim wa chuoni analipwa na wazazi na msikiti. Mtoto ni mmoja lakini, anatoka skuli mchana alasiri yuko chuoni, basi waalimu hawa wawili wajuane, ikiwezekana wapeane namba za simu.

Walimu wakigoma ni wote wanaogoma?

Hapana. KNUT, chama cha tangu 1957, kina walimu wengi wa msingi, KUPPET ni cha sekondari na junia. Agosti 2024 KUPPET ilipogoma kuna uwanja mmoja ambapo gredi ya nne walikuwa wanasoma na gredi ya nane wanacheza mpira. Mwalimu wa bodi, mpishi na mlinzi hawamo kwenye vyama hivyo.

Mimi ni mzazi tu sijasoma sana, naweza kuingia bodi?

Unaweza. Sheria inaweka watu sita wa kuwakilisha wazazi au jamii, watatu wa mfadhili wa skuli, mmoja wa walimu, mmoja wa watu wenye mahitaji maalum na wengineo. Hizo nafasi sita ndizo zetu. Njoo mkutano wa wazazi, watu wakupendekeze. Akina mama wa Langoni na Mkomani, mnaojua hesabu ya duka kila siku, njooni, mkutano wa fedha unawahitaji.

Kazi skulini zinatangazwa wapi?

Za TSC zinatoka kwenye tovuti yao na unaomba kupitia huko, za kaunti kwenye bodi ya utumishi ya kaunti, na za mpishi, mlinzi, karani na mwalimu wa BOM zinabandikwa ubao wa skuli na mara nyingi msikitini na kwa chifu. Hakuna kazi hata moja kati ya hizi inayolipiwa, anayekuomba elfu ishirini "za kumpa mkubwa" ni tapeli hata kama ni jamaa yako, ripoti. Ukiona tangazo limebandikwa lipige picha na simu mpaka tarehe ya mwisho isomeke, peleka barua mwenyewe mkononi, na umwombe karani agonge muhuri kwenye nakala yako pia.